Taa zinaganda wageni wakija? Usikimbilie ruta kubwa

Kuna kijana wa Malindi kanitumia meseji. Amefunga taa hoteli ya ufukweni kwa ajili ya Mwaka Mpya, pikseli (vitaa vidogo, kila kimoja na rangi yake) elfu moja mia saba, na kontrola zote, vile visanduku vinavyoziamrisha, anaziendesha kwa waifai. Mchana akijaribu zinacheza kama maji. Usiku wageni wakishajaa upande mmoja unaganda rangi ya bluu na upande wa pili unaendelea na wimbo wake. Anauliza anunue ruta gani kubwa.

Mdogo wangu, weka pesa yako mfukoni kwanza. Hiyo shida naijua nje ndani na imenilipisha.

Miaka ya nyuma nilipata kazi ya hoteli huku kwetu Lamu, kazi kama hiyo yako, taa kuanzia gatini mpaka juu ya makuti. Nilimwambia meneja mapema kabisa, nataka mtandao wangu peke yangu, usiingiwe na mgeni yeyote. Akakataa. Akasema waifai ya hoteli ni ya nguvu, wageni wote wanaangalia sinema nayo, sasa itashindwa na taa? Nikabishana naye mpaka nikachoka. Usiku wa kazi wageni wakaja, kila mtu na simu yake mkononi anapiga video, na zile taa zikaanza kuganda moja baada ya moja mbele ya macho yangu. Nikaambiwa mbele ya watu, hizi si kazi za watu wa kisiwani. Mwaka uliofuata wakaleta mafundi kutoka mbali, na ile baki ya malipo yangu sijaiona hadi leo. Hoteli siitaji jina, lakini inaniuma bado, kwa sababu nilisema na sikusikizwa.

Sasa nisikize wewe.

Kwanza jifunze kuzisoma taa zenyewe. Pikseli za WS2811, chipu ya kawaida ya taa hizi, zikikosa data hazizimi, zinashika ile rangi ya mwisho zilizopewa. Kwa hivyo taa iliyoganda na inawaka vizuri stima yake kwa kawaida ni nzima, ni habari ndiyo haifiki. Ukiona nyeupe inaelekea uwekundu kule mwisho wa waya, hasa hizi za volti 5, hapo ni volti zimeshuka njiani, peleka stima nyingine kule mwisho na uiwache waifai, haina kosa. Nimeona watu wakibadilisha ruta kwa shida ya waya mwembamba wallahi.

Halafu hii habari ya spidi. Piga hesabu. E1.31, lugha ya kutuma amri za taa kwa mtandao, inazigawa mafungu yanayoitwa yunivasi. Yunivasi moja inabeba chaneli 512, yaani namba 512 za mwanga, pikseli moja inakula 3 (nyekundu, kijani, bluu), kwa hivyo yunivasi moja ni pikseli 170. Wewe una 1,700, ni yunivasi 10, na ukicheza fremu (picha za taa) 40 kwa sekunde ni paketi, vifurushi vya data, 400 kila sekunde. Kwa ukubwa ni kama megabiti mbili tu, hata waifai ya kibanda inazibeba. Kinachoua ni ule utitiri wa paketi ndogondogo, kila moja inangoja zamu yake hewani, na hewa yenyewe ni ile ya 2.4 GHz kwa sababu ESP32 za kawaida, chipu za ndani ya kontrola hizi, hazijui nyingine. Mchana hewa ni yako peke yako. Usiku kila simu inataka zamu, na miili ya watu pia, binadamu ni maji na maji yanakunywa mawimbi hayo, kwa hivyo ruta uliyoiweka mezani usawa wa kiuno imezibwa na umati mzima. Ruta kubwa haiondoi hata moja katika hayo.

Ingia xLights, ile programu ya kompyuta inayopanga na kutuma taa, uangalie unavyotuma. Kama umeiacha itangazie wote kwa mpigo, basi ni mbiu ya mgambo hiyo, paketi ikipotea imepotea, hakuna wa kujibu wala wa kurudia, na ruta nyingi zinatoa matangazo ya namna hiyo kwa mwendo wa chini kabisa, zinakula hewa yote. Kila kontrola ipe anwani yake ya IP isiyobadilika, utume moja kwa moja kwake, hapo ruta isipojibiwa inatuma tena. Ukiweza hamia DDP, lugha nyingine ya kutuma, paketi moja inabeba hadi pikseli 480 na WLED, programu ya ndani ya kontrola, inaielewa, zile yunivasi zako 10 zinakuwa paketi 4 kwa kila fremu. Na ushuke fremu 20, kwa rangi zinazobadilika polepole hakuna jicho litakalojua.

Hivyo ndivyo tulivyofanya Mfungo Sita uliopita, mwezi wa Maulidi, mtaani kwetu Mkomani, na hapa nitajisifu kidogo maana kazi ilikuwa nzuri, mashaallah. Mnajua nyumba zetu, kuta za matumbawe na chokaa karibu nusu mita, waifai ikiingia ndani haitoki. Vichochoro punda wawili wakikutana mmoja lazima asubiri. Kila mtu alinambia haiwezekani. Mimi sikupigana na kuta. Nilipanda juu, darini kwa nyumba mbili zinazoonana, nikaweka antena za 5 GHz zinatazamana kuvuka paa, zile ndizo zilivusha kila kitu, halafu kutoka darini nikashusha kebo mpaka kwa kontrola zilizokaa chini ya wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro. Kontrola chache tu ndizo zilizobaki kwa waifai, zote zinaiona antena bila ukuta katikati. Kijani na nyeupe, polepole, hakuna vurugu ya rangi. Watu walipojaa baada ya Isha, kichochoro hakina pa kukanyaga, simu zote juu, hakuna taa hata moja iliyokwama. Mzee mmoja wa mtaa, mtu asiyesifu ovyo, alisimama chini ya wikio kwa muda mrefu akaniuliza, mwanangu, hizi zinaambizana vipi? Swali hilo lilinilipa ile baki ya hoteli.

Vijana, nawaambia hili kwa sababu najua sote tunataka kazi kubwa, kila mmoja anataka afunge mji mzima. Mnapenda kununua, kupima hampendi. Mtu anapima mchana uwanja mtupu anasema iko sawa. Kapime usiku, watu wamejaa! Na usikubali mwenye pesa akupangie mtandao, mwambie kabla hujashika hata msumari mmoja, mtandao wa taa ni wa taa, na akikataa iwache kazi. Mwenye kuaibika mbele ya wageni ni wewe, si yeye.

Kijana wa Malindi, leo fanya haya: ruta yako ndogo, ya taa peke yake, jina umelificha, juu kabisa kuliko vichwa vya watu na mbali na makuti mabichi ya minazi. Ifunge kwenye betri, maana stima ikikatika na jenereta ikaingia, kontrola zinaamka kabla ya ruta, na WLED ikiikosa ruta inafungua mtandao wake yenyewe na kukuzidishia fujo. Chaneli ya waifai chagua 1, 6 au 11, upana wa 20 MHz, usiiwachie ruta ijichagulie. Ipi kati ya hizo tatu siwezi kukwambia nikiwa huku, chukua ile programu ya simu inayoonyesha mitandao, simama katikati ya bustani saa tatu usiku wageni wakila, piga picha skrini unitumie.