Do iko wapi leo? Kuhamisha kodi za kinanda bila kitufe

Mwimbishaji anageuka dakika moja kabla ya wimbo: "Koo halipandi leo, tushushe kidogo." Mpiga kinanda alizoea D, sasa anatakiwa B flati (kibao cheusi kilicho kushoto kwa B). Hapo ndipo hujulikana nani anazijua kodi (si zile za TRA, bali nota tatu au zaidi zinazopigwa pamoja) na nani amekariri mahali pa kuweka vidole.

Aliyekariri D, G, A na B maina ana kodi nne basi. Aliyezishika kwa nafasi kuanzia do, yaani ya kwanza, ya nne, ya tano na ya sita, anazo katika funguo zote 12, yaani do ikiwa kwenye kibao chochote. Waliokulia kwenye kwaya wana bahati, maana solfa imeshawafanyia nusu ya kazi. Kodi ya kwanza ni do-mi-so, ya nne fa-la-do, ya tano so-ti-re, na ya sita la-do-mi, ambayo ni maina. Swali linalobaki ni moja: do iko wapi leo? Ikiwa B flati, kodi zako ni B flati, E flati, F na G maina.

Kuijenga kodi yenyewe ni kuhesabu. Kutoka kibao kimoja hadi kinachofuata, kiwe cheusi au cheupe, ni nusu toni. Kodi ya meja, kama D, G na A, ni nusu toni 4, kisha 3. Maina ni 3, kisha 4. Tuchukue A meja: kutoka A, B flati ni moja, B mbili, C tatu, C shapu (kibao cheusi kulia kwa C) nne. Kutoka hapo D ni moja, D shapu mbili, E tatu. Umepata A, C shapu na E. Kosa la wanaoanza ni kukihesabu kibao wanachoanzia kuwa "moja". Wanaangukia C badala ya C shapu, halafu wanashangaa mbona kinanda kinalia vibaya.

Ukishazijua, usiziruke-ruke. Mkono unaohama mzima kutoka F kwenda B flati hadi C huchelewa, na sauti hukatika. Jaribu hivi kwenye ufunguo wa F. Mkono wa kulia uanze na F-A-C. Kwenda B flati, iache F palepale, A ipande hadi B flati, C ipande hadi D. Kutoka hapo kwenda C, vyote vitatu vishuke: E-G-C. Rudi F kwa kuishikilia C. D maina ni rahisi kupita kiasi: kutoka F-A-C, sogeza C hadi D, imekwisha. Mkono wa kushoto upige msingi wa kodi tu (nota inayoipa jina), kibao kimoja. Fanya vivyo hivyo kwenye kila ufunguo mpya kabla ya kuongeza mapambo.

Sasa programu za mazoezi. Zile zenye vipande vya rangi vinavyodondoka kuelekea vibao zinafurahisha, ila macho ndiyo yanayojifunza kufuata rangi. Zima rangi, hujui kitu. Programu nzuri ni ile inayokuuliza, wewe ujibu, ikusahihishe. Tovuti ya musictheory.net ina mazoezi ya bure ya namna hiyo, ya kutambua kodi kwa macho na kwa masikio, na unaweza kuchagua aina za kodi utakazoulizwa. Anza na meja na maina peke yake. Anayewasha kila kitu siku ya kwanza huishia kubahatisha.

Kwa mazoezi ya mkono, chukua ufunguo mmoja, kodi nne, dakika 10. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) kwenye 60 kwa dakika, kila kodi mapigo manne, kisha mawili. Ukikosea mara mbili mfululizo, shusha hadi 50. Mpangilio wa C, F, B flati, E flati unafaa, kwa sababu kila ufunguo mpya unaongeza flati moja tu.

Kinanda chenye tundu la USB kinaweza kuunganishwa na simu au kompyuta kwa waya, programu ikaona unachobonyeza. Kuna mambo matatu yanayowachanganya watu hapo. Ukisikiliza kwa spika ya Bluetooth sauti huchelewa, utadhani mkono wako ndio mzito, tumia waya. Pili, programu isiyoambiwa ufunguo inaweza kuandika A shapu pale ambapo wimbo wa F unataka B flati. Kibao ni kilekile, ila kwenye F tayari A ipo, hivyo herufi inayofuata ni B. Tatu, ukibonyeza C-E-G-A, programu moja itasema C yenye sita (C6), nyingine A maina yenye saba (Am7). Zote ziko sahihi. Besi, yaani nota ya chini kabisa, ndiyo inayoamua.

Kitufe cha kuhamisha ufunguo kilichoko kwenye kinanda si dhambi. Kwenye harusi, na wimbo usioujua, kitumie. Tatizo ni kwamba hubaki +3 (nusu toni tatu juu) wimbo ukishaisha, na wimbo unaofuata unaanza huku gitaa la besi likiwa kwingine. Vidole vinapiga A, kinasikika C, na mpiga besi anayefuata mkono wako anapotea kabisa. Kwenye baadhi ya vinanda, namba hiyo huhamisha hata taarifa zinazokwenda kwenye programu, ukawa unakosolewa bila kosa.

Na ushushe hadi wapi? Usikisie. Tafuta nota ya juu kabisa ya wimbo kwa solfa. Tuseme ni mi ya juu. Do ikiwa D, mi hiyo ni F shapu, na waumini wengi watanyamaza au watashuka oktavu. Ukitaka mi iwe D, hesabu nusu toni 4 kurudi chini: do ni B flati. Kisha angalia nota ya chini kabisa. Kama ni so ya chini, sasa ni F, na sauti ya kwanza inaweza kukosa nguvu hapo. C itakuwa suluhu ya katikati: mi ni E, so ni G. Imbeni mstari mmoja kwanza, kabla watu hawajasimama.