O/D OFF kwenye gari ya otomatiki: lini uibonyeze, lini uiache

Mkuu, umeuliza kwa nini Toyota IST uliyonunua inawasha taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu) kwenye dashibodi muda wote, kama ni kweli ukiitoa hiyo taa gari itakula mafuta, na ufanyeje mwezi ujao utakapopeleka familia Iringa kwa mara ya kwanza. Waliokujibu wamegawanyika: wengine wanadai ovadraivu ni ya kuipa gari nguvu, wengine wanakwambia hicho kitufe usikiguse kabisa. Mimi otomatiki za Toyota zenye gia nne nimeziendesha miaka mingi, na barabara ya Dar kwenda Iringa naijua kona kwa kona. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya kufika Iringa, si mahali pa kwenda na nusu ya maelezo.

Taa kwanza. Ikiwaka maana yake ovadraivu imefungwa, gari haitaingia gia ya nne hata ukitembea 120. Ikizimika, ovadraivu ipo kazini. Watu wanachanganyikiwa hapa kwa kuwa tumezoea taa ikiwaka kitu kimewashwa, kumbe hii inasema OFF na inamaanisha OFF. Kuna mtu kabla yako alikibonyeza hicho kitufe cha pembeni ya lever ya gia akakiacha hivyo. Kibonyeze kwa kidole gumba, taa itazimika, na hivyo ndivyo gari inavyotakiwa kukaa siku zako zote za kawaida.

Sasa ovadraivu yenyewe ni nini? Ni gia ya mwisho, basi. Kwenye giaboksi nyingi za gia nne, gia ya tatu uwiano wake ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, shafti inayotoka kwenye giaboksi nayo inazunguka mara moja. Gia ya nne inapita hapo. Chukua giaboksi ya Toyota inayoitwa A340E: gia yake ya nne ni 0.705, yaani injini haijamaliza hata robo tatu ya mzunguko na shafti imeshamaliza mzunguko mzima. IST haiko mbali na hapo. Kwa hiyo kama unatembea kwenye tambarare mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukiwa 2,000 gia ya nne, ukibonyeza O/D OFF kwa spidi ileile mshale utapanda hadi karibu 2,800. Matairi hayajaongeza kitu, injini ndiyo imeongezewa kazi.

Hapo utaona hoja ya nguvu inatoka wapi. Mtu yuko 90, anabonyeza kitufe, injini inanguruma na gari inavuta. Anaamini amewasha ovadraivu, kumbe ameizima, na nguvu anayoisikia ni ya gia ya tatu. Gia ya nne ndiyo dhaifu kuliko zote kwa kuvuta na ndiyo nyepesi kuliko zote kwa kutembea. Akishaipenda ile nguvu anaiacha taa inawaka kuanzia Kibaha mpaka Morogoro. Kwa umbali uleule injini inazunguka zaidi kwa kama asilimia 40. Sisemi mafuta nayo yanaongezeka kwa asilimia 40, hapana, ulaji wa mafuta haupandi sambamba na mizunguko. Lakini yanaongezeka, na kwenye safari ndefu utaiona tofauti kwenye geji. Kelele na joto pia ni vya bure. Kwa hiyo aliyekwambia taa ikizimika gari inakula mafuta amekugeuzia mambo.

Mjini usihangaike. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela pale Dar gia ya nne haiji kabisa, kwa hiyo kuiacha O/D ikiwa kazini hakukugharimu chochote. Ukiacha wakati wa kuovateki, sehemu pekee ya tambarare ambayo mimi huizima ni kwenye vijiji vyenye vibao vya 50, kama naona gari haitulii, inaingia ya nne, inatoka, inaingia tena.

Huko kuingia na kutoka ndiko kunakoumiza giaboksi, na mlimani ndiko kunakozidi. Ukiwa unapanda na O/D iko kazini, kompyuta inaona spidi imefika inaweka ya nne. Ya nne haina nguvu ya kupanda, gari inalegea, unakanyaga mafuta, inarudi ya tatu. Inapata spidi, inaweka ya nne tena. Kila badiliko ni pleti za klachi zinazosuguana ndani, na konveta (inayounganisha injini na giaboksi) nayo inafungua na kufunga huku ikipasha oili ya gia. Oili ya gia ikipata joto kali muda mrefu inapoteza uwezo wake, na giaboksi nyingi za otomatiki zinakufa kwa joto. Kwa hiyo ukianza kupanda Kitonga bonyeza O/D OFF mapema, kabla gari haijaanza kulalamika, na uiache hivyo mpaka umemaliza kupanda. Usiwe unairudisha kila ukipata kijisehemu cha tambarare katikati ya kona. Kitonga malori yanatambaa, utakuwa nyuma yake kwa 20 au 30, gari itajishusha yenyewe mpaka ya pili au ya kwanza. Kukiwa na mlolongo mrefu weka lever kwenye 2 utulie. Kuovateki mle usikufikirie.

Kushuka ndiko nataka unisikilize zaidi, kwa sababu kupanda vibaya kunaharibu giaboksi, kushuka vibaya kunaua watu. Ukirudi Dar utashuka Kitonga ile ile ukiwa na watoto nyuma na pengine vitu kutoka Iringa kwenye buti. Ukiiacha D yenye ovadraivu, gia ya nne haiizuii gari vya kutosha, gari inakimbia yenyewe, na kinachobaki ni breki. Unazikanyaga muda wote, diski na pedi zinachemka, utaanza kusikia harufu ya kuungua. Zikizidi kuchemka, pedi hazishiki, na brake fluid ikichemka inatoa mapovu, pedeli inazama mpaka chini na gari haisimami. Hapo fundi hayupo wa kukusaidia.

Fanya hivi: kabla ya mteremko kuanza, punguza spidi kwa breki, bonyeza O/D OFF, usikie injini inavyoishika gari. Kama bado inakimbia, na kwa Kitonga itakimbia, punguza tena hadi chini ya 50 ndiyo uweke 2. Usitupe 2 ukiwa kwenye 90, na usishushe gia katikati ya kona hasa mvua ikiwa imenyesha, kwa sababu matairi yanayovuta yanaweza kuteleza kwa ule mshtuko. Injini ikinguruma kwenye 3,000 au 3,500 usiogope, imeundwa kwa kazi hiyo, mradi mshale hauusogelei mstari mwekundu. Breki utazigusa kwa vipindi, unakanyaga kwa uthabiti spidi ishuke, kisha unaachia zipoe. Njia ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni inataka mtindo huuhuu.

Na kuna tabia moja inaniuma sana kuiona: watu kuweka N (nyutro) kwenye mteremko ili kubana mafuta. Kwenye gari za EFI, yaani zinazopuliza mafuta kwa kuongozwa na kompyuta, ukiachia pedeli ya mafuta gari ikiwa kwenye gia na injini inazungushwa na matairi, kompyuta inakata mafuta kwenye nozeli kabisa. Ukiweka N injini lazima ijichomee mafuta ili isizime. Kwa hiyo aliyeweka N anatumia mafuta kuliko aliyeacha gia, na juu ya hapo amejinyima msaada wote wa injini. Tafadhali, usiweke N mlimani, na ukimwona ndugu au rafiki anafanya hivyo mwambie.

Kuovateki kwenye tambarare: kama unalifuata lori na unaona nafasi inakuja, bonyeza O/D OFF kabla hujatoka, gia ya tatu iwe tayari, upite, kisha uirudishe. Ukikanyaga mafuta mpaka chini gari itashuka gia yenyewe, lakini inachelewa kidogo, na mbele ya gari inayokuja kuchelewa huko ni kwingi. Ukiwa na mzigo mzito, mfano umepakia magunia ya vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, hata vilima vya kawaida vizimie O/D.

Taa ikianza kumeta, kuwaka na kuzima yenyewe bila wewe kugusa kitufe, hilo ni jambo jingine. Kwenye Toyota nyingi hiyo ni kompyuta ya giaboksi inakwambia imeona tatizo. Peleka ikasomwe kwa mashine kabla ya safari.

Kwa wadau ambao gari zao hazina kitufe: kama lever yako ina D, 3, 2, L, basi 3 ndiyo O/D OFF yako. Honda nyingi wameandika D4 na D3, maana ni ileile. Otomatiki za CVT, zinazobadili uwiano taratibu bila hatua, hazina gia za hivyo, tafuta S, B au L kwa mteremko.

Kabla hujaondoka pima oili ya gia injini ikiwa inawaka, gari imeshatembea ikapata moto, ipo sehemu tambarare, umepitisha lever kwenye gia zote ukairudisha P. Soma upande wa HOT kwenye kipimo. Ikiwa nyekundu safi, sawa. Ikiwa ya kahawia na inanukia kuungua, usiende nayo Iringa hivyo. Na usikubali kuwekewa oili yoyote iliyopo dukani, T-IV na WS, ambazo ni aina za oili ya gia za Toyota, si kitu kimoja, angalia kitabu cha gari au maandishi kwenye kipimo. Ukishapima weka picha hapa tuione.