Kiti cha Nani?

Mmeuliza wiki hii: "Ni uamuzi gani mkubwa uliofanya baada ya kutimiza miaka 50?" Mimi nina 57, mzaliwa wa Mombasa, na mwaka huu nagombea ujaji wa mahakama ya wilaya hapa Minneapolis, Minnesota, baada ya miaka 24 ya kuwatetea wasio na pesa za wakili.

Mama alicheka kwenye simu. "Ujaji nao wapigiwa kura? Na leso utagawa?" Kwetu jaji huteuliwa. Nikamkumbusha wale 41 ambao Tume ya Huduma za Mahakama ya Kenya iliwapendekeza wawe majaji mwaka 2019: walingoja hadi Juni 2021, mmoja akafariki akingoja, rais akateua 34, sita akawaacha. Akanyamaza kidogo. "Haya, omba kura."

Kilichonisukuma ni asubuhi moja mahakamani. Kijana Mkongomani alisomewa haki zake kupitia mkalimani wa simu, laini inakwaruza. Umeelewa? Ndiyo. Una swali? Hapana. Dakika tatu, akaitwa mwingine. Sikuwa wakili wake. Nilikaa benchi la nyuma nikingoja zamu yangu. Nje kwenye korido nikamwuliza kwa Kiswahili, "Jaji amekwambia nini?" Akajibu, "Si alikuwa ananisalimia?"

Jaji yule si mtu mbaya. Ana haraka, na orodha yake ya kesi haiishi. Lakini hapa hugombei ujaji hivi hivi. Kila kiti kina namba yake, na fomu inataka uandike unagombea kipi, yaani umlenge mtu uliyesimama mbele yake miaka yote ukimwita mheshimiwa. Ndiyo maana mawakili wengi hungoja jaji astaafu katikati ya muhula, gavana ateue mwingine. Aliyeko kitini hata kwenye karatasi ya kura huandikwa kwamba ndiye aliyepo, na wengi hupita bila kupingwa. Ada ya kugombea ni dola 300. Hizo nilizitoa bila kuumia.

Kampeni yenyewe ni ya ajabu. Kwenye karatasi ya kura chama hakitajwi. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka papa hapa Minnesota, ilimruhusu mgombea aseme maoni yake kuhusu mambo ya sheria, ila kuahidi utakavyoamua kesi bado ni mwiko. Sasa nenda kwenye harambee ya Wakenya kule Brooklyn Park ukaeleze hayo! Mzee mmoja aliniuliza, "Kijana wangu akiletwa kwako, utamsaidia?" Nikamwambia nitahakikisha anaelewa anachoulizwa. Akarudi kwenye pilau yake.

Muhula ni miaka sita, na ukifika 70 unaondoka, utake usitake.

Siku moja kabla ya kupeleka fomu nilimwendea jaji yule mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Akavua miwani.

"Kiti changu?"

"Chako, mheshimiwa."

Akapekua kalenda yake, akaniuliza kama Jumanne bado nina kesi kwake. Nikasema ninayo, saa tatu asubuhi.