Jina la mtu halijitunzi

Tukizungumzia mtu kuacha jina, tunakimbilia kupima ukubwa wa aliyoyafanya. Mimi nimeshashika vitu vya marehemu kadhaa wa ukoo wetu, kuvipanga na kuvigawa, na ninachokiona ni kingine: kinachodumu ni kile kilichopata mpokeaji.

Mchoraji wa Uholanzi, Vincent van Gogh, alikufa 1890. Miezi sita baadaye mdogo wake Theo, aliyekuwa akimsaidia kwa pesa, naye akafariki. Mamia ya picha yakabaki kwa Johanna, mjane wa Theo, akiwa na mtoto mchanga. Ni yeye aliyehangaikia maonyesho, akauza baadhi ya picha kwa mpango, na mwaka 1914 akachapisha barua za Vincent kwa Theo. Kipaji kilikuwa cha Vincent, lakini kazi ya kumfanya ajulikane aliibeba zaidi mke wa mdogo wake.

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani. Alipofariki, cherehani ikauzwa, vitambaa vikagawanywa, pesa zikaisha. Lakini wanafunzi wake, pindo likienda upande hata kidogo, wanalifumua lote. Hawalivuti wala kulipiga pasi ili lijifiche. Mmoja wao sasa ana mwanafunzi wake, binti ambaye hakumwona shangazi hata siku moja, naye anafumua vilevile, tena kwa kununa, kama shangazi.

Kwa hiyo, ukiwa bado na nguvu, tafuta mtu umfundishe, umwache aharibu mbele yako. Picha za familia ziandike majina kwa nyuma leo hii. Wajukuu hawatajua yule mzee mwenye kofia ni nani. Ni kazi ya jioni moja, na karibu kila mtu huiahirisha.

Mali nayo inataka watu. Alfred Nobel, mvumbuzi tajiri wa Uswidi, aliandika wosia wake wa mwisho 1895, akitaka mali yake itumike kutoa tuzo, akafa mwaka uliofuata. Baadhi ya ndugu zake waliupinga, na ilibidi wasimamizi wahangaike hadi tuzo za kwanza zikatolewa 1901. Wosia bila msimamizi mwenye msimamo ungebaki makaratasi.

Ila huyo unayemwekea urithi wako, muulize kwanza kama anautaka. Wengi hunyamaza kwa heshima, halafu sanduku linaishia stoo.