Msafiri asiye na dalili na kipindupindu cha Haiti

Umeuliza inawezekanaje msafiri asiyeharisha alete kipindupindu. Inawezekana, kwa kuwa wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, ilhali kinyesi chao hubeba vimelea vya ugonjwa huo, yaani bakteria, kwa siku kadhaa. Mfano unaoniumiza zaidi ni Haiti: mwezi Oktoba 2010 ugonjwa ulizuka kando ya mto Artibonite, katika nchi ambayo haikuwa imeripoti kipindupindu kwa takriban karne nzima, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba vimelea hivyo vilifanana mno na vya Nepal, walikotoka walinda amani wa Umoja wa Mataifa ambao maji taka ya kambi yao yalikuwa yakiingia katika kijito kinachotiririkia mto huo. Takriban watu 10,000 walikufa. Kinachoua hasa ni sumu ya bakteria hao, ambayo huyafanya matumbo yamwage maji na chumvi mfululizo hadi choo kikafanana na maji yaliyooshewa mchele. Kwa hiyo mgonjwa aanze kunyweshwa maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) papo hapo, hata akiwa njiani kupelekwa kituo cha afya.