Shangazi, Nakuru wananipa 85,000 lakini mtoto ana pumu

SWALI: Shangazi habari yako. Mimi ni baba wa watoto wawili, tunaishi Nyamasaria hapa Kisumu. Nimefanya kazi ya stoo kwa kampuni flani miaka sita sasa, mshahara 58,000 kabla ya makato, bima ya matibabu inashika familia yote, alafu kampuni inaniwekea asilimia 10 kwa penshen. Saa kumi na nusu natoka na Jumamosi siingii. Sasa nimepata ofa Nakuru ya 85,000. Bima yao ni SHA tu, ile ya serikali, penshen hakuna, Jumamosi wanafanya mpaka saa saba, na probesheni, yaani muda wa kujaribiwa, ni miezi sita. Mke wangu anauza mitumba Kibuye, hawezi acha wateja, na kijana wetu wa miaka minne ana pumu, mwaka jana alilazwa mara mbili. Ndugu zangu wanasema ni ujinga kuachilia 27,000. Wanataka jibu Ijumaa. Nifanye nini?
Baba wa wawili, Kisumu

JIBU: Mwanangu, hizo 27,000 hazipo. Tuanzie hapo kwa sababu naona ndizo zinakunyima usingizi. Mshahara wako ushapita 32,333, kwa hivyo kila shilingi utakayoongezwa inakatwa PAYE, ile kodi ya mshahara, ya asilimia 30, alafu kuna asilimia 2.75 ya SHA, 1.5 ya ushuru wa nyumba, na NSSF, ile akiba ya uzeeni, nayo inapanda. Ukitoa yote hayo unabaki na kama 17,000 hivi mkononi. Sasa kwa hizo 17,000 toa kodi ya bedsita Nakuru, tuseme 7,000, toa nauli ya kuja nyumbani kila wiki, kwenda na kurudi ukitumia 1,600 hiyo ni 6,400 kwa mwezi, na bado hujala. Na ile asilimia 10 ya penshen ni 5,800 ambazo hata huwa huzioni kwa pesilipu lakini ni zako, kila mwezi, na huko hazitakuwepo.

SHA nayo si kitu wanakupa. Unakatwa hata sai, na utakatwa popote utakapoajiriwa, hata likizo ya siku 21 ni sheria, kwa hivyo mtu akikuandikia hizo kwa ofa kama zawadi usimhesabie.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni huyo kijana. Wewe unajua mtoto wa pumu anavyobadilika usiku, saa mbili alikuwa anacheza, saa nane mbavu zinaingia ndani na mnatafuta boda. Sai mnaingia hospitali mnatoa kadi. Ukihama, mama yake atakuwa peke yake usiku huo, na ukisema utanunua bima yako mwenyewe ujue bima nyingi za mtu binafsi huwa na muda wa kungoja kabla zigharamie ugonjwa uliokuja nao, na pumu ni huo.

Alafu hesabu masaa. Ukitoka kazini Jumamosi saa saba, ushike matatu kupitia Kericho, ni karibu masaa manne, unafika jioni umechoka. Jumapili saa tisa unarudi stendi. Mume wangu alifanya hivyo miaka minne, yeye Eldoret sisi Kakamega, na watoto wakiona tu begi mlangoni walianza kununa hata kabla chakula kiive. Nilikuwa nachukia hilo begi.

Sijasema ukae hapo milele. Miaka sita ni mingi na 58,000 si pesa nyingi kwa watoto wawili. Nenda kwao Nakuru uwaambie unataka kuja, lakini bima ya familia iandikwe kwa mkataba, ishike pumu na ianze siku ya kwanza, isingoje probesheni iishe. Hiyo probesheni pia uiangalie vizuri, maana sheria ya kazi ya 2007 inawaruhusu kukuachisha kwa notisi ya siku saba tu, na hapo Kisumu nafasi yako itakuwa imeshapewa mtu. Wakikataa bima, mimi singeenda. Ningemwonyesha bosi wa hapa Kisumu hiyo ofa nimuulize ataniongeza ngapi, hata akikupa 8,000 ukiwa unalala kwako umewashinda Nakuru. Na barua ya kujiuzulu usiandike kabla ya kushika mkataba uliosainiwa.

Jambo moja nimelitafuta kwa barua yako nikalikosa. Umeniambia ndugu zako wanasema nini, ukaniambia mama watoto hawezi acha wateja, lakini hukuniambia yeye mwenyewe anasema nini. Muulize leo jioni, watoto wakilala, kabla hiyo Ijumaa ifike.