Kaeni Penye Moto wa Ngoma

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza TaSUBa, chuo chetu cha sanaa na utamaduni Bagamoyo, najua swali linalowasumbua mkisikia tamasha linakaribia: nitapangwa kupanda jukwaani au sitapangwa? Mimi pia lilininyima usingizi. Sikupangwa. Jina langu nililikuta chini kabisa kwenye ubao, kamati ya mapokezi na vifaa, yaani kubeba. Nikanuna siku mbili. Leo ninaishi kwa kuandaa maonyesho ya vikundi vya ngoma, na mtu akiniuliza kazi hii niliijifunzia wapi, naitaja ile wiki ya kubeba kabla sijataja darasa lolote. Walimu wangu wanisamehe.

Historia mtafundishwa, sitakaa hapo. Chuo kilianza 1981 kikirithi vikundi vya sanaa vya taifa, mwaka uliofuata likafanyika tamasha la kwanza, na tangu hapo Bagamoyo inapokea wasanii wageni kila mwaka: ngoma za asili, sarakasi, maigizo, taarabu, vikundi kutoka nje ya nchi, na siku hizi vijana wa Bongo Fleva ambao ndio watawafanya mkimbizane na simu mkononi. Pigeni picha, sikatazi. Moja inatosha. Halafu tafuteni kikundi ambacho hakuna anayekikimbilia, mkamwombe mratibu awape nyinyi, muwe nacho tangu kinaposhuka kwenye basi hadi kinapopanda tena.

Mimi niliangukia Wagogo kutoka Dodoma: akina mama wapigaji wa muheme, ngoma yao ya ngozi, na wazee wawili, mmoja wa zeze, ala ya nyuzi, na mwingine wa marimba za vidole. Saa mbili za kwanza niliharibu karibu kila kitu.

Nianze na moto, maana hapo ndipo nilipoumia zaidi. Ngoma ya ngozi iliyotoka Dodoma kukavu ikilala usiku mmoja karibu na bahari, ngozi inanyonya unyevu na kulegea. Ukiipiga inasema "bu" badala ya kulia. Dawa ni kuipasha. Wengi mnajua hilo. Msilolijua ni saa. Ukiwasha moto mapema, ngoma zinapoa kabla kikundi hakijaitwa. Ukichelewa, MC anaita huku nyinyi mnapuliza kuni. Na ratiba iliyobandikwa ukutani msiitegemee, kwa sababu katikati yake kuna mgeni rasmi, na hotuba ya mgeni rasmi hakuna ajuaye itaisha saa ngapi. Usiku ule niliwasha kwa kufuata karatasi. Hotuba ikarefuka. Nikaogopa ngoma zisipoe, nikazisogeza karibu na ndimi za moto, nikaenda kuchungulia jukwaani. Niliporudi muheme mmoja ulikuwa umepasuka ngozi kutoka kigingi hadi kigingi.

Mama mwenye ngoma hakunigombeza. Aliitazama, akaigeuza, akamwambia mwenzake neno moja la Kigogo, wakapanda jukwaani wakiwa pungufu. Heri angenitukana.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mmoja akae na MC, mwingine akae na moto, na wawe na njia ya kuitana. Washeni moto kikundi kinachotangulia kikiwa kinaanza. Tumieni vitu vinavyowaka na kuisha haraka, majani makavu au maboksi, kwa sababu makaa yanachoma sehemu moja tu. Ngozi izungushwe, isituame. Gusa kwa ncha ya vidole kila baada ya muda. Ikianza kulia juu kidogo kuliko inavyotakiwa, itoe, maana itashuka yenyewe njiani. Na moto uwe kwenye mchanga, upande upepo unakokwenda, mbali na makuti na nyaya, ndoo ya maji ikiwa pembeni. Ukumbi wa chuo ulishawahi kuteketea, miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo hapa habari ya moto si ya kutaniana.

Jambo la pili ni vipaza sauti. Fundi mitambo amezoea bendi, na kijana wa mwaka wa kwanza humwekea stendi zote urefu wa kifua. Mpigaji wa muheme anaibana ngoma katikati ya mapaja. Ukimwekea kipaza sauti kifuani utasikia pumzi zake na vigelegele, ngoma yenyewe itakuwa mbali kama inapigwa kijiji cha jirani. Stendi fupi, chini, kikitazama ngozi kwa pembeni ili mikono isikigonge. Marimba za vidole ni ngumu zaidi, sauti yake ni ndogo na ukiongeza tu spika zinapiga mluzi. Mwambieni fundi apunguze spika zinazomtazama mpigaji kwanza, ndipo amwongeze yeye. Haya yafanyeni mchana, wakati wa kupima sauti, na mwulizeni msanii mwenyewe anakaaje. Mimi niliuliza baada ya onyesho.

Halafu kuna kisa cha zeze, ambacho huwa nacheka nikikikumbuka. Yule mzee alikuwa anakaza nyuzi zake nyuma ya jukwaa, nami nikamsikia "amekosea". Nikatoa simu yenye programu ya kupimia sauti nikamwonyesha kuwa uzi wake uko chini. Akaniomba nimpigie alichopiga yeye kwenye hiyo simu. Simu haikuwa nayo. Akaimba sauti ile, mama mmoja akaidaka, wa pili akaweka yake juu, na zote zikalala pamoja kama mkeka. Ndipo nikaelewa kwamba sauti za muziki wa Kigogo zinafuata mlio wa asili unaojizaa ndani ya uzi wenyewe, wala hazigawanywi sawasawa kama vibao vya kinanda. Kinanda ndicho kingekuwa kimekosea pale. Na aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu Bagamoyo ni mji alioishi Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa Kigogo, hadi alipofariki mwaka 2003, na marimba za Kigogo zilikuwa zikipigwa mitaa ileile niliyokuwa nikipita kununua chapati.

Chakula nitasema kwa kifupi. Msidhani kila mgeni anatamani pweza na wali wa nazi kwa sababu amefika pwani. Wazee wale walikula siku ya kwanza kwa adabu, siku ya pili wakaacha nusu. Nikamwuliza mama mmoja, kwa shikamoo na kwa kuinama, akasema wangepata ugali na mlenda wangecheza hata mara tatu. Mlenda ulipatikana sokoni kwa pesa kidogo kabisa.

Kurekodi: ombeni kabla, na mwombeni kiongozi wa kikundi, si kijana anayewachekea. Nyimbo nyingine zina mahali pake nyumbani kwao na hawapendi zionekane kwenye status ya mtu asiyejua maana yake. Wakikubali, andikeni papo hapo nani anaongoza, nani anaitikia, wimbo unahusu nini. Baada ya mwezi hamtakumbuka, na video isiyo na majina haitawasaidia mkianza kuandika kazi zenu za stashahada.

Warsha za asubuhi zinakuwa na watu wachache kwa sababu usiku mlikesha. Amkeni. Ndipo mtakaa wanne na mpigaji ambaye jana alitazamwa na uwanja mzima, na atawashika vidole mmoja mmoja.

Siku ya kuondoka hesabuni njuga, vibuyu na kanga mbele ya kiongozi wao kabla basi halijawashwa, kisha chukueni namba ya simu. Si ya msanii peke yake, na ya jirani yake pia, kwa sababu mtandao unasumbua na simu zinazimika chaji. Mkitaka kuwafuata likizoni, nendeni wakishavuna, kuanzia Juni. Mimi nilikwenda Januari na ngozi mpya ya muheme begani, nikakuta nyumba zimefungwa, kila mtu yuko shamba. Nikapewa jembe.